Namba Mbili za Mstari

Mji wa Moshi upo karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni kama nyuzi 23 za Selsiasi. Juu kabisa ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, kwenye barafu ya kaskazini ambako wanasayansi waliweka kituo cha kupimia hali ya hewa mwaka 2000, mwinuko ni karibu mita 5,800 na wastani wa joto ni nyuzi 7 chini ya sifuri. Chukua karatasi ya grafu. Mhimili wa ulalo uwe wa mwinuko, kwa kilomita. Mhimili wa wima uwe wa joto, kwa nyuzi. Tia nukta ya Moshi, tia nukta ya Kibo, laza rula, piga mstari.

Sasa una mstari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia, na ndani yake kuna habari nyingi kuliko zile mbili ulizoanza nazo. Kuna joto la kila kibanda kwenye njia ya Marangu. Kuna mwinuko ambapo maji huanza kuganda. Kuna hata dokezo la kiasi cha unyevu ulioko hewani. Ili kuzitoa habari hizo ni lazima mstari uandikwe kwa namba, na uzuri wake ni kwamba mstari mnyoofu, uwe mrefu namna gani, unahitaji namba mbili tu. Ya kwanza inasema unapanda au unashuka kwa kasi gani. Ya pili inasema unapita wapi. Wanafunzi wa sekondari wa Tanzania na Kenya wanazijua kwa majina ya m na c, katika mlinganyo ambao wengi wanaukariri mpaka uzeeni: y = mx + c.

Naamini kukariri huko kumewanyima watu wengi jambo lenye thamani. Mtu anaweza kupata alama zote za swali la mstari mnyoofu bila kujua kwamba m ni kitu halisi kilichomo duniani, chenye kizio chake, na kwamba c nayo ni kitu kingine halisi. Kwa hiyo tutaupata mlinganyo wa mlima wetu polepole, tukiuliza kila namba inatuambia nini.

Tuanze na m, yaani mteremko. Kutoka Moshi hadi Kibo, joto limetoka 23 hadi −7. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 30 kwenda chini, kwa hiyo tunaandika −30. Mwinuko umetoka kilomita 0.8 hadi 5.8, tofauti ya kilomita 5. Gawa badiliko la wima kwa badiliko la ulalo: −30 kwa 5 ni −6. Hapa mwalimu mwenye haraka huandika m = −6 na kuendelea. Lakini jibu halijakamilika. Tumegawa nyuzi kwa kilomita, kwa hiyo tulichopata ni nyuzi 6 kwa kila kilomita, na alama ya kutoa inasema joto linapungua. Ukipanda kilomita moja, unapoteza nyuzi 6. Namba isiyo na kizio ni kama bei isiyotajwa sarafu: elfu tano ya Tanzania na elfu tano ya Kenya zote huitwa shilingi, ila huwezi kununulia mzigo uleule.

Na hiyo −6 ina sababu. Hewa inayopanda hukutana na kanieneo dogo zaidi, hivyo hutanuka, na kutanuka kunailazimu kutumia sehemu ya nishati yake. Ndiyo maana inapoa. Hewa kavu inayopanda hupoa kwa karibu nyuzi 9.8 kila kilomita. Hewa yenye unyevu hupoa taratibu zaidi, kwa sababu mvuke unapogeuka matone ya mawingu hutoa joto na kuirudishia hewa; hewa ya kitropiki iliyojaa mvuke inaweza kupoa kwa nusu tu ya kasi ile ya hewa kavu. Wastani unaotumika duniani kote katika hesabu za usafiri wa ndege ni nyuzi 6.5. Mteremko wetu wa nyuzi 6 umeangukia katikati, palepale unapoutarajia kwa mlima wenye msitu mnene wa mawingu kiunoni na jangwa la mawe mabegani. Yaani rula na nukta mbili zimetupa fununu ya fizikia ya anga.

Sasa c. Wengi hufundishwa kuitafuta kwa macho: tazama mstari unakata wapi mhimili wa wima, soma namba. Njia hiyo ni sahihi pale tu mhimili wa ulalo unapoanza na sifuri. Mchoraji wa grafu ya mlima angeweza kabisa kuuanzia kwenye kilomita 0.8, kwa kuwa hana nukta yoyote chini ya Moshi, na hapo mstari ungekutana na ukingo wa kushoto kwenye 23. Mwenye kusoma kwa macho angeandika c = 23, na kila jibu lake lingekosea kwa karibu nyuzi 5. Magazeti na ripoti zimejaa grafu za namna hii, ambazo mihimili yake haianzii sifuri ili kuokoa nafasi. Kabla hujasoma chochote kwenye mstari, soma namba zilizoandikwa kwenye kona ya chini kushoto.

Njia isiyodanganya ni ya hesabu. Tunajua mstari unapita Moshi, ambako x ni 0.8 na y ni 23. Tia ndani ya mlinganyo: 23 = (−6 × 0.8) + c. Hiyo ni 23 = −4.8 + c, kwa hiyo c ni 27.8. Mlinganyo wa mlima ni huu:

y = −6x + 27.8

Hiyo 27.8 ni nini? Ni joto pale ambapo mwinuko ni sifuri, yaani kwenye usawa wa bahari. Mlima wenyewe hauna sehemu iliyo kwenye usawa wa bahari. Mstari umeshuka chini ya Moshi, ukapita tambarare, ukafika pwani. Wastani wa joto la mwaka Tanga na Dar es Salaam ni kama nyuzi 26. Mstari umekosea kwa chini ya nyuzi 2, ingawa ulijengwa kwa vipimo vya mlimani na haukupewa habari yoyote ya bahari wala ya pepo zake. Mimi naona huo ni uaminifu mkubwa kwa mstari uliopigwa kwa nukta mbili, na pia ni onyo: nje ya eneo ulikopima, mstari unakisia.

Ndani ya eneo hilo unaweza kuuamini zaidi. Kibanda cha Mandara kipo karibu kilomita 2.7: zidisha kwa −6, jumlisha 27.8, unapata nyuzi 11.6. Horombo, karibu kilomita 3.7, ni nyuzi 5.6. Halafu uliza swali kwa upande wa pili: joto linafika sifuri wapi? Weka y iwe 0, na x inakuwa 27.8 gawa kwa 6, ambayo ni kilomita 4.63. Kibanda cha Kibo, ambako wapandaji hupumzika kabla ya kuanza safari ya kileleni usiku wa manane, kipo karibu mita 4,700. Kwa hiyo kuanzia pale, kwa wastani wa mwaka, kila hatua ya kupanda iko upande wa barafu. Huu ni wastani, ukichanganya mchana na usiku, kiangazi na masika. Usiku wenyewe huwa baridi kuliko hivyo, na mwongozaji yeyote wa mlimani atakuambia chupa ya maji ifunikwe ndani ya soksi.

Tumepata yote hayo kwa nukta mbili, lakini mtu anayepima kweli huwa na nukta nyingi, na nukta nyingi hazikai kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo panapoangusha wanafunzi wengi kwenye mtihani wa vitendo wa fizikia. Wanachora nukta sita au saba, wanapiga mstari unaopita katikati ya nukta hizo, halafu kwa kutafuta mteremko wanarudi kwenye jedwali na kuchagua vipimo viwili. Wakifanya hivyo wameutupa mstari waliouchora kwa jasho. Mstari ndio umekusanya ushahidi wa vipimo vyote pamoja. Kipimo kimoja kina kosa lake. Nukta za kukokotolea mteremko zichukuliwe juu ya mstari, hata kama hazimo kwenye jedwali, na ziwe mbali moja na nyingine kadiri karatasi inavyoruhusu. Ukisoma vibaya kwa nusu milimita kwenye nukta zilizo umbali wa sentimita 2, umeharibu asilimia kadhaa ya jibu lako. Kwenye umbali wa sentimita 20, kosa hilohilo halitikisi kitu.

Wanaotaka mstari usiotegemea jicho la mchoraji hutumia njia ya miraba midogo kabisa: mstari bora ni ule ambao ukipima umbali wa wima kutoka kila nukta hadi kwenye mstari, ukauzidisha kila umbali kwa wenyewe, na ukajumlisha, jumla inakuwa ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Adrien-Marie Legendre aliichapisha Ufaransa mwaka 1805, na Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani akaichapisha kwa njia yake mwaka 1809 huku akidai kwamba alikuwa akiitumia tangu zamani. Leo programu yoyote ya majedwali kwenye kompyuta au simu hufanya hesabu hiyo kwa kubofya mara moja. Kinachobaki kwa binadamu ni kuelewa kilichotoka.

Kuna mistari miwili ya pembeni isiyofaa kusahauliwa. Mstari uliolala kabisa una mteremko wa sifuri, na mlinganyo wake ni y = c peke yake: kitu hakibadiliki hata ukisogea vipi. Mstari uliosimama wima hauna mteremko wowote, kwa sababu badiliko la ulalo ni sifuri na hakuna kugawa kwa sifuri; huo huandikwa x sawa na namba fulani, na hauingii katika umbo la y = mx + c.

Wazo lenyewe, kwamba mstari na mlinganyo ni kitu kimoja kinachoonekana kwa sura mbili, si la kale sana. Wagiriki walijua mambo makubwa kuhusu mistari, na wanahisabati wa Kiislamu walijua mambo makubwa kuhusu milinganyo, lakini ndoa kamili ya fani hizo mbili ilifungwa Ufaransa katika karne ya 17. René Descartes alichapisha kazi yake ya jiometri mwaka 1637. Katika miaka hiyohiyo Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kwa mapenzi, aliandika waraka uliopita mikononi mwa marafiki na kuchapishwa mwaka 1679 tu, baada ya kifo chake. Fermat ndiye aliyesema wazi kwamba mlinganyo wenye namba mbili zisizojulikana, ambao hakuna iliyozidishwa kwa nyenzake wala kwa yenyewe, ni mstari mnyoofu. Kwa maoni yangu sentensi hiyo ilistahili kuchapishwa mapema zaidi.

Lakini nguvu ya wazo hilo ilionekana vizuri pale watu walipoanza kurefusha mistari yao kwenda mahali ambako hakuna chombo kingeweza kufika. Mfano ninaoupenda ni wa hewa na baridi.

Mwaka 1802 Joseph Louis Gay-Lussac alichapisha vipimo vyake vya jinsi gesi zinavyotanuka zinapopashwa joto. Aligundua kwamba gesi tofauti kabisa hutanuka kwa kiasi kilekile, na kwamba ujazo wa 100 kwenye joto la barafu inayoyeyuka hufikia 137.5 kwenye joto la maji yanayochemka. Ukiweka joto kwenye mhimili wa ulalo na ujazo kwenye mhimili wa wima, una nukta mbili: (0, 100) na (100, 137.5). Mteremko ni 37.5 gawa kwa 100, yaani 0.375. Na c ni 100, kwa sababu nukta ya kwanza tayari ipo kwenye mhimili wa wima. Mlinganyo: y = 0.375x + 100.

Sasa urefushe mstari kwenda kushoto, kwenye baridi kali kuliko barafu. Ujazo unapungua, unapungua, na mahali fulani unafika sifuri. Weka y iwe 0: x ni −100 gawa kwa 0.375, karibu −267. Zaidi ya hapo mstari unadai ujazo ulio chini ya sifuri, na hakuna gesi yenye ujazo chini ya sifuri. Kwa hiyo baridi ina mwisho. Guillaume Amontons alikuwa ameshalidokeza jambo hilo karne moja kabla, alipoona kanieneo la hewa linavyopungua kwa baridi. Kuanzia miaka ya 1840 vipimo vya Victor Regnault huko Ufaransa na vya Heinrich Gustav Magnus huko Ujerumani vilionyesha kwamba mteremko wa kweli ni mdogo kidogo, karibu 0.366. Rudia hesabu: −100 gawa kwa 0.366 ni −273. Mwaka 1848 William Thomson, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin, akapendekeza kipimo cha joto kinachoanza kuhesabia chini kabisa, na leo tunajua kwamba mwisho huo upo kwenye nyuzi −273.15.

Tazama kilichotokea. Mteremko ulibadilika kwa chini ya sehemu moja ya mia ya kizio, kutoka 0.375 hadi 0.366, na mahali pa mwisho pa baridi pakasogea kwa nyuzi 6. Mstari unaorefushwa mbali hukuza kosa dogo la mteremko. Tena gesi halisi haifuati mstari mpaka mwisho: oksijeni hugeuka kimiminika kwenye nyuzi −183, nitrojeni kwenye −196, na hapo hadithi ya gesi inakatika. Hata hivyo mstari ulielekeza mahali sahihi. Gesi ilikoma, lakini sifuri iliyosomwa kwenye mstari ikabaki kweli kwa vitu vyote, viwe gesi, vimiminika au mawe. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki jaribio hili hufanywa kwa mrija mwembamba wa kioo wenye hewa iliyozibwa kwa tone la asidi, ukatumbukizwa kwenye maji yanayopashwa moto. Mwanafunzi anayechora grafu yake na kuirefusha mpaka ikate mhimili wa ulalo anapaswa kuambiwa kwamba amefika kwenye mpaka wa baridi ya ulimwengu mzima akiwa na kipimajoto, rula na bika ya maji. Mara nyingi anaambiwa tu aandike jibu.

Mfano wa mwisho ndio unaonishughulisha zaidi, kwa sababu mstari ulikuwa sahihi na namba yake ikawa na kosa kubwa mno.

Mwaka 1929 Edwin Hubble, mwanafalaki wa Mount Wilson huko California, alichapisha makala fupi yenye grafu moja. Mhimili wa ulalo ulikuwa umbali wa galaksi kutoka kwetu, kwa parseki. Parseki moja ni karibu miaka 3.26 ya nuru. Mhimili wa wima ulikuwa kasi ambayo galaksi zinatukimbia. Kasi nyingi zilikuwa zimepimwa na Vesto Slipher huko Arizona, umbali ulikadiriwa na Hubble mwenyewe. Nukta zilitawanyika vibaya. Nyingine zilikuwa chini ya sifuri kwa sababu galaksi chache za jirani, ikiwamo Andromeda, zinatusogelea. Juu ya mtawanyiko huo Hubble akapiga mstari mnyoofu kutoka kwenye asili, yaani nukta ya (0, 0).

Kuanza kwenye asili kuna maana: c ni sifuri. Kitu kisicho na umbali hakina kasi ya kukimbia. Kwa hiyo namba iliyobaki ni moja tu, mteremko. Msomaji anaweza kuisoma mwenyewe: kwenye parseki milioni 2 mstari unafika karibu kilomita 1,000 kwa sekunde. Gawa, na unapata kilomita 500 kwa sekunde kwa kila parseki milioni. Hubble kwa hesabu makini alipata 465 kwa njia moja na 513 kwa nyingine. Ukiitazama grafu yenyewe utaona jambo la kushangaza: kwenye mhimili wa wima kizio kimeandikwa kilomita tu, bila sekunde. Ni mojawapo ya grafu mashuhuri kuliko zote katika sayansi, na kizio cha mhimili wake hakikukamilika.

Sasa fuatilia vizio kama tulivyofanya mlimani. Kasi ni umbali gawa kwa muda. Mteremko wa Hubble ni kasi gawa kwa umbali. Umbali wa juu na umbali wa chini vinafutana, na kinachobaki ni moja gawa kwa muda. Yaani ukiupindua mteremko, unapata muda. Muda gani? Ule ambao galaksi zingehitaji kufika zilipo zikianza pamoja mahali pamoja, kama kasi haikubadilika. Hivyo mteremko wa mstari ule, ukipinduliwa, unakadiria umri wa ulimwengu.

Parseki milioni moja ni karibu kilomita bilioni bilioni 31. Gawa kwa kilomita 500 kwa sekunde, badili sekunde kuwa miaka, na unapata karibu miaka bilioni 2. Hapo ndipo tatizo lilipokaa. Wanajiolojia waliopima umri wa miamba kwa madini yanayotoa mionzi walikuwa na namba zinazokaribia, na baadaye kuipita, miaka bilioni 2. Mwaka 1956 Clair Patterson alithibitisha kwamba dunia ina karibu miaka bilioni 4.55. Dunia haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko ulimwengu ulioizaa.

Kosa lilikuwa wapi? Si kwenye unyoofu: galaksi za mbali zaidi zilizopimwa baadaye ziliendelea kukaa kwenye mstari. Si kwenye kasi: vipimo vya Slipher vilikuwa vizuri. Kosa lilikuwa kwenye mhimili wa ulalo. Hubble alikadiria umbali kwa kutumia nyota zinazobadilika mwanga, na Walter Baade alionyesha kwamba nyota za aina hiyo zipo za makundi mawili yenye mng'ao tofauti, ambayo yalikuwa yamechanganywa. Baade alikuwa Mount Wilson wakati wa Vita Kuu ya Pili, taa za Los Angeles zilipozimwa kwa hofu ya mashambulizi, na katika giza hilo aliona nyota ambazo hakuna aliyeziona kabla. Alipotangaza matokeo yake Roma mwaka 1952, umbali wa galaksi uliongezeka mara mbili kwa mkupuo mmoja. Baadaye Allan Sandage akaonyesha kwamba baadhi ya vilivyohesabiwa kuwa nyota angavu katika kukadiria umbali vilikuwa mawingu ya gesi inayong'aa, na mwaka 1958 akatoa mteremko wa karibu 75.

Fikiria maana yake kwenye karatasi. Nukta zote zimesogea kulia, mstari umebaki mnyoofu, umebaki kwenye asili, ila umelala zaidi. Mchoro unaweza hata kuonekana vilevile: badili tu namba zilizoandikwa chini ya mhimili wa ulalo, usiguse nukta wala mstari, na mteremko umetoka 500 ukawa 75. Atakayehesabu viboksi vya karatasi bila kusoma mihimili ataona mistari miwili iliyofanana kabisa. Mmoja unasema ulimwengu una miaka bilioni 2, mwingine unasema bilioni 13. Kwa sababu hiyo nasisitiza vizio na mihimili mpaka huenda msomaji amechoka. Mteremko haumo kwenye mchoro peke yake. Umo kwenye mchoro na mihimili yake pamoja.

Georges Lemaître, padri na mwanafizikia wa Ubelgiji, anastahili kutajwa hapa, kwa kuwa mwaka 1927, miaka miwili kabla ya Hubble, alikuwa amechapisha kwa Kifaransa hoja kwamba ulimwengu unatanuka na akakadiria mteremko huohuo. Wachache walimsoma wakati ule. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulipiga kura kupendekeza kwamba sheria ile iitwe kwa majina ya wote wawili, Hubble na Lemaître, na mimi naona ni haki.

Vyombo vya leo vimeuboresha mstari huo kupita chochote ambacho Hubble angetarajia. Wanaopima umbali kwa nyota zinazobadilika mwanga na kwa milipuko ya nyota wanapata mteremko wa karibu 73. Wanaoukokotoa kwa njia tofauti kabisa, kutoka kwenye mwanga hafifu uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, uliopimwa na satelaiti ya Planck, wanapata 67.4. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho ya anayekumbuka 500, lakini ni kubwa kuliko makosa ambayo kila kundi linakiri kuwa nayo. Darubini ya anga ya James Webb imezikagua upya nyota zilizotumika upande wa kwanza, na namba ya 73 haijashuka kuifikia 67.4. Wapo wanaodhani kuna kosa lililojificha kwenye mhimili wa umbali kwa mara nyingine, na wapo wanaodhani fizikia yetu ya ulimwengu mchanga ina pengo. Mpaka sasa hakuna upande uliowashawishi wanafalaki wote, na mteremko wa mstari ule wa mwaka 1929 bado unabishaniwa.